Mafuriko hayamo kwenye faili la mkopo

Kuna faili moja la mkopo niliwahi kulisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa ruhusa ya wenyewe. Mkopaji alikuwa na kiwanda kidogo kando ya mto. Faili lilikuwa nene: hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, taarifa za akaunti, hati ya kiwanja, ripoti ya mthamini yenye picha za mitambo, barua ya bima, nakala za mikataba na wateja wake wakubwa. Ukurasa wa mwisho kabla ya saini za kamati ya mikopo ulikuwa na swali: "Je, mradi una hatari za kimazingira?" Chini yake palikuwa na visanduku viwili. Aliyejaza alitia alama kwenye "Hapana", mhuri ukagongwa, fedha zikatoka. Katika picha ya tatu ya mthamini, ukuta wa nyuma wa kiwanda ulionyesha waziwazi mstari wa tope uliofika magotini, ulioachwa na maji ya mwaka mmojawapo wa nyuma.

Mwaka uleule benki hiyo ilitoa ripoti ya tabianchi yenye kurasa kadhaa za rangi nzuri. Ilieleza kwamba bodi inalitazama jambo hili kwa uzito mkubwa, kwamba hatari za tabianchi zimeingizwa katika mfumo mzima wa usimamizi wa hatari, na kwamba wafanyakazi wamepewa mafunzo.

Simlaumu aliyetia alama. Yeye alielewa kwamba anaulizwa kama mradi unaharibu mazingira, na kiwanda kile hakikuwa kikimwaga sumu mtoni. Hakuna aliyemuuliza mto utakifanya nini kiwanda.

Hoja yangu ni kwamba ripoti ya benki kuhusu tabianchi isomwe kuanzia kwenye dawati la mikopo. Kila sentensi iliyomo iulizwe imebadilisha nini pale: riba ya nani imepanda, muda wa nani umefupishwa, dhamana ipi imekataliwa, nani amepewa fedha ambazo miaka mitatu iliyopita asingepewa. Kama jibu ni kwamba hakuna kilichobadilika, basi hatari imeandikwa na haijasimamiwa, na mwenye amana anayezisoma kurasa zile anafarijiwa bure.

Mjadala huu una tarehe yake. Septemba 29, 2015, Mark Carney, wakati huo gavana wa Benki Kuu ya Uingereza na mwenyekiti wa Bodi ya Uthabiti wa Kifedha, aliwahutubia watu wa bima katika jengo la Lloyd's jijini London. Aliwaeleza kwamba madhara makubwa ya mabadiliko ya tabianchi yataangukia mbali kuliko upeo wa mfanyabiashara, mwanasiasa na hata benki kuu, kwa hiyo walioko madarakani leo hawasukumwi na maslahi yao wenyewe kuyazuia. Desemba mwaka huohuo kikaundwa kikosi kazi cha TCFD, cha kupendekeza kampuni zitangaze vipi hatari zao za tabianchi, chini ya mfanyabiashara Michael Bloomberg. Juni 2017 kilitoa mapendekezo 11 katika mafungu manne: utawala, mkakati, usimamizi wa hatari, na vipimo pamoja na malengo. Kikosi kilivunjwa Oktoba 2023, lakini mafungu yake yanaishi ndani ya kiwango cha IFRS S2 cha kutangaza taarifa za tabianchi, kilichotolewa na ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu, Juni 2023 na kuanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanzia Januari 1, 2024 katika nchi zilizokikubali.

Mafungu yale yamefikiriwa vizuri. Udhaifu ni kwamba matatu ya mwanzo yanaweza kujazwa kwa maneno peke yake. Benki inaweza kuandika kwa ukweli kabisa kwamba kamati ya hatari ilikutana mara nne na kwamba mkurugenzi fulani amekabidhiwa jukumu hilo. Msomaji anamaliza ukurasa akijua nani aliketi na nani, asijue mkopo mmoja uliokataliwa.

Ukiwauliza watu wa benki, wengi watakuambia hivi: mikopo yetu mingi ni ya miaka mitatu hadi mitano, na hayo madhara ya tabianchi ya 2050 yatatukuta tumeshalipwa. Hili jibu linastahili kujadiliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloshikilia uzembe wote, na linaonekana la busara.

Kwanza, mkopo wa miaka mitatu kwa mteja mzuri haumaliziki kwa miaka mitatu. Huhuishwa. Mteja anayekopa mtaji wa kuendeshea biashara huwa na benki hiyohiyo miaka 15, kila mara kwa mkataba mpya wenye masharti yaleyale. Kwenye karatasi benki ina hatari ya muda mfupi. Katika maisha ina ndoa. Na siku itakapotaka kutoka, itakuta benki nyingine zote nazo zinataka kutoka, hivyo hakuna wa kuuchukua mkopo ule.

Pili, hasara haisubiri maji yafike. Thamani ya jengo hushuka siku wanunuzi wanapoamini kwamba maji yatafika, na mgodi wa makaa ya mawe hupoteza thamani siku wanunuzi wa makaa wanapopata umeme wa bei nafuu kwingine. Peabody Energy, iliyokuwa kampuni kubwa ya makaa ya mawe nchini Marekani, iliomba mahakamani ulinzi wa mufilisi dhidi ya wadai wake Aprili 2016. Hakuna mawimbi yaliyoipiga. Bei ya makaa ilianguka, gesi ikawa rahisi, na madeni yaliyochukuliwa wakati wa neema yakabaki palepale.

Kasi yenyewe inatisha ukiitazama kwa karibu. Novemba 8, 2018 moto uliosababishwa na njia ya umeme ya kampuni ya PG&E uliuteketeza mji wa Paradise huko California na kuua watu 85. Uoto ulikuwa umekauka kupita kiasi baada ya kiangazi kirefu. Hadi mwanzoni mwa Januari 2019 wakala wa kupima uwezo wa wakopaji kulipa, S&P alikuwa bado anaiweka kampuni hiyo katika daraja la wakopaji salama. Januari 7 akaishusha hadi daraja B, la wakopaji wa mashaka. Januari 29 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, ikikabiliwa na madai ya moto yaliyokadiriwa kuweza kufika dola bilioni 30. Kutoka daraja salama hadi mahakamani zilipita wiki tatu. Aliyekuwa na mkopo wa miaka mitano mle hakuwa na upeo mfupi wa kumkinga na chochote.

Tatu, na hapa ndipo ninapoona uzito mkubwa kuliko kwingine kote, kuna bima. Mkopo wa nyumba ni wa miaka 20 au 30. Bima ya nyumba hiyohiyo ni ya mwaka mmoja. Benki imejifunga miaka 30 na jengo ambalo mlinzi wake ana haki ya kuondoka kila baada ya miezi 12. Mkataba wa mkopo unamtaka mkopaji awe na bima wakati wote. Kampuni ya bima isipoihuisha, mkopaji anakuwa amevunja mkataba ingawa hajachelewesha hata rejesho moja. Benki hulazimika kumtafutia bima ya aina nyingine, yenye bei kubwa na kinga ndogo, na gharama yake huongezwa kwenye deni. Rejesho la mwezi linapanda. Akiamua kuuza, mnunuzi naye hapati mkopo kwa kuwa hapati bima, hivyo bei inashuka hadi kwa wanunuzi wenye fedha taslimu pekee. Nyumba haijaguswa na tone la maji, na dhamana ya benki imeshapungua.

Hili limeshaanza. Mei 2023 kampuni ya State Farm ilitangaza kwamba haipokei tena maombi mapya ya bima ya nyumba California, ikitaja gharama za ujenzi, hatari ya maafa inayokua kwa haraka, na soko gumu la bima mtambuka, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hukata. Februari 2025 Jerome Powell, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aliwaambia maseneta kwamba katika miaka 10 au 15 ijayo kutakuwa na maeneo ya nchi hiyo ambako mtu hatapata mkopo wa nyumba. Alikuwa akieleza jinsi benki na kampuni za bima zinavyojiondoa pwani na kwenye maeneo ya moto. Ripoti ya benki ambayo ningeisoma kwa hamu ni ile itakayosema: kati ya mali tunazozishikilia kama dhamana, asilimia hii bima zake hazikuhuishwa mwaka huu, na zilizohuishwa bei ilipanda kwa kiasi hiki. Takwimu hizo benki inazo au inaweza kuzipata, maana barua ya bima imo katika kila faili. Katika ripoti nilizozisoma, hazimo.

Tukiwa bado kwenye ripoti, igeuze uanzie nyuma. Ripoti ya mwaka ya benki ina sehemu mbili. Mbele ni simulizi ya menejimenti, na nyuma ni hesabu zilizosainiwa na mkaguzi. Mbele utasoma kwamba tabianchi ni miongoni mwa hatari kuu zinazoikabili benki. Nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, utakuta sentensi fupi isemayo kwamba menejimenti imezingatia athari za tabianchi na kuona hazina uzito katika hesabu za mwaka huu. Sentensi zote mbili zimeidhinishwa na bodi moja, siku moja.

Zinawezaje kuwa kweli kwa pamoja? Sehemu ya jibu imo kwenye kanuni za tengo la hasara, yaani fedha ambazo benki huweka kando kwa ajili ya mikopo isiyolipwa. Tangu Januari 2018 kiwango cha uhasibu cha IFRS 9 kinaitaka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa, bila kusubiri mkopo uharibike kwanza. Lakini kwa mkopo wenye afya, hasara inayotazamwa ni ile inayoweza kutokana na mkopaji kushindwa kulipa ndani ya miezi 12 tu. Hasara ya maisha yote ya mkopo huhesabiwa pale hatari ya mkopaji inapokuwa imeongezeka kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mkopo wa miaka 20 kwenye bonde la mafuriko, unaolipwa vizuri, unatengewa kana kwamba dunia inaishia mwakani. Menejimenti inaruhusiwa kuongeza tengo juu ya lile linalotoka kwenye modeli pale inapoona modeli haishiki hatari fulani. Ikifanya hivyo kwa sababu ya tabianchi, huo ndio ushahidi kwamba imeamini ilichokiandika mbele, kwa kuwa imeukata mwaka wake wa faida. Mimi hulitafuta tengo hilo kwanza kabla ya kusoma neno lolote la mwenyekiti.

Fungu la nne, la vipimo, ndilo lenye namba, na namba inayotangazwa zaidi ni ya gesijoto zinazotokana na fedha za benki, yaani moshi wa wakopaji wake. Ni sahihi kuitazama. Uchunguzi wa CDP, shirika linalokusanya takwimu za mazingira za kampuni, uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba kwa taasisi za fedha zilizotoa takwimu, gesi zinazotokana na mikopo na uwekezaji wao ni zaidi ya mara 700 ya zile za ofisi zao wenyewe. Benki inayojisifu kwa taa za kuokoa umeme kwenye matawi inazungumzia sehemu moja ya 700.

Hesabu yenyewe hufuata kanuni za PCAF, ushirikiano wa kupima gesijoto za mikopo na uwekezaji ulioanzishwa na taasisi za fedha za Uholanzi mwaka 2015 na kutoa kiwango chake cha dunia Novemba 2020. Chukua kampuni iliyo kwenye soko la hisa yenye thamani ya milioni 100 ukijumlisha hisa na madeni. Benki imeikopesha milioni 20. Kampuni inatoa tani 50,000 za gesijoto kwa mwaka. Benki inabeba moja ya tano, yaani tani 10,000. Mwaka unaofuata bei ya hisa inapanda hadi thamani ya kampuni inafika milioni 150. Mkopo ni uleule, moshi ni uleule, lakini sehemu ya benki sasa ni tani kama 6,667. Kwenye ripoti hiyo itasomeka kuwa pungufu la theluthi moja, na mchoro utashuka vizuri kuelekea lengo la 2030. Soko likianguka, mchoro utapanda, na ndipo maelezo marefu kuhusu kupanda na kushuka kwa bei yatakapotokea. PCAF inafahamu tatizo hili na inashauri marekebisho. Msomaji atazame kama yamefanywa.

Kisha kuna ubora wa takwimu. Kanuni hizo huzipa takwimu alama kutoka 1 hadi 5. Alama 1 ni moshi uliopimwa na kuthibitishwa na mtu wa nje. Alama 5 ni makadirio ya jumla yanayotokana na wastani wa sekta. Mkopaji mdogo asiyepima chochote hupewa wastani wa wenzake. Hivyo mwenye kiwanda aliyefunga tanuru jipya linalotumia nusu ya kuni anaonekana sawasawa na jirani yake asiyefanya lolote. Ikiwa wengi wa wakopaji wamo kwenye alama 4 na 5, namba ile kubwa haiwezi kumtuza yeyote aliyejitahidi.

Lakini dosari inayonisumbua zaidi ni kwamba namba hii hupewa kazi isiyo yake. Inaeleza mikopo ya benki inaifanyia nini anga. Haielezi anga itaifanyia nini mikopo ya benki. Shamba la mpunga linalotegemea mvua, hoteli iliyojengwa mchangani, mtambo wa umeme wa jua uliowekwa kwenye bonde linalofurika: vyote vinaweza kuwa na moshi mdogo na vikasombwa. Benki inaweza kuupunguza moshi wake kwa nusu kwa kuhamishia fedha kwenye majengo ya pwani, na ripoti ikashangilia. Ni lile swali la visanduku viwili, limerudi kwa sura ya kitaalamu.

Hatari za moja kwa moja, za maji, moto, ukame, joto na dhoruba, hukaa mahali. Zina anwani. Na anwani ndiyo kitu ambacho benki mara nyingi haina. Mfumo wa kompyuta huhifadhi anwani ya ofisi kuu ya mkopaji, ghorofa ya nne katikati ya mji, ilhali ghala liko bondeni na mashamba yako mahali pengine kabisa. Kazi ya kuandika mahali halisi pa kila dhamana ni ya kuchosha, haina heshima, haitazungumzwa kwenye mkutano wowote wa kimataifa. Bila kazi hiyo, ramani za hatari zinazonunuliwa kwa bei kubwa hupima mafuriko ya ofisi ya uhasibu.

Badala yake benki nyingi huanzia juu, kwenye modeli za uchumi wa dunia. Mtandao wa benki kuu wa NGFS, ulioanzishwa Paris Desemba 2017 na wanachama wanane, umetengeneza mielekeo ya baadaye ambayo hutumika sana katika majaribio ya uhimilivu, yaani ya kupima kama benki itastahimili mambo yakiharibika. Ni kazi ya thamani, na imewapa watu lugha moja. Lakini ona jinsi msingi wake unavyoweza kutikisika. Toleo la 2024 liliegemea, kwa upande wa hasara za kiuchumi, utafiti uliochapishwa na jarida la Nature Aprili 2024. Wachambuzi wengine walipouchunguza waligundua kwamba takwimu zenye kasoro za nchi moja, Uzbekistan, zilikuwa zimeyavuta matokeo ya dunia nzima, na Desemba 2025 utafiti huo uliondolewa na waandishi wake. Sisemi hatari imepungua; waandishi wenyewe waliona kwamba hasara bado ni kubwa. Nasema benki iliyokuwa imeweka uelewa wake wote kwenye namba moja tu, ya asilimia ya pato la taifa itakayopotea mwaka 2050, ilibaki haina kitu, wakati ile iliyojua ghala la mteja wake liko mita ngapi juu ya mto haikupoteza chochote.

Benki Kuu ya Ulaya ilifanya jaribio mwaka 2022 likihusisha benki 104. Karibu asilimia 60 hazikuwa na mfumo wa kupima uhimilivu dhidi ya tabianchi. Ni asilimia 20 tu zilizoizingatia hatari hiyo wakati wa kutoa mkopo. Hizi ni benki zilizokuwa zimeshatoa ripoti za kupendeza kwa miaka kadhaa, katika eneo lenye wasimamizi wakali kuliko kwingi duniani. Hasara iliyokadiriwa kwa benki 41 zilizofanya hesabu kamili ilikuwa takribani euro bilioni 70, na msimamizi mwenyewe alisema namba hiyo iko chini sana ya uhalisia, kwa kuwa takwimu ni haba na modeli bado changa.

Je, usimamizi unasaidia? Naamini hivyo, na naamini zaidi ya ninavyoamini viapo vya hiari. Muungano wa benki wa NZBA, ulioahidi kufikisha moshi wa mikopo yao kwenye sifuri halisi ifikapo 2050, ulizinduliwa Aprili 2021 na benki 43, ukakua hadi kuvuka 140. Desemba 2024 Goldman Sachs ikatoka, na katika wiki chache benki nyingine kubwa za Marekani zikaifuata. HSBC na Barclays zikatoka mwaka 2025, na Oktoba mwaka huo muungano ukafungwa. Sikusikitika kama wengine. Ahadi ya 2050 iliyotolewa na mtu atakayestaafu 2028 haikuwa na uzito wa kuliliwa. Kilichonisikitisha ni sheria: Machi 2024 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani ilipitisha kanuni ya kuzitaka kampuni ziweke wazi hatari zao za tabianchi, ikaisimamisha mwezi uliofuata kwa sababu ya kesi, na Machi 2025 ikaacha kuitetea. Ahadi ikivunjwa tunapoteza nia njema. Taarifa ikikosekana, mwenye amana anapoteza macho.

Nayo Kamati ya Basel, inayoweka viwango vya kimataifa vya usimamizi wa benki, ilipotoa mfumo wake wa kutangaza hatari za tabianchi Juni 2025, iliufanya wa hiari, kila nchi iamue yenyewe. Upande wa pili, Novemba 2025 Benki Kuu ya Ulaya iliitoza benki ya ABANCA ya Hispania euro 187,650 kwa kuchelewa kukamilisha tathmini ya uzito wa hatari hizi ndani yake. Kwa benki hicho ni kiasi kidogo mno. Lakini zingatia kosa lenyewe: haikuadhibiwa kwa kukopesha vibaya wala kwa tangazo la uongo. Ilipewa siku ya mwisho ya kuieleza hatari yake, siku ikapita. Kwa mara ya kwanza kwa msimamizi huyo, kutojua kulikuwa na bei ya kila siku.

Limebaki suala la fursa, ambalo ripoti huliweka mwishoni pamoja na picha za mitambo ya upepo. Hapa huwa nasoma kwa kalamu mkononi. Ahadi za "fedha endelevu" za mabilioni mara nyingi hujumlisha mikopo ya benki yenyewe na hati fungani ambazo benki imesaidia tu kuziuza kwa wengine, na kila senti ya mauzo hayo huhesabiwa. Lakini kwenye hesabu ya moshi wa hati fungani hizohizo, kanuni za PCAF za Desemba 2023 huipa benki asilimia 33 tu. Sifa huchukuliwa nzima, lawama theluthi. Mwaka 2022 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilizuia mabango ya HSBC yaliyosifu fedha hizo bila kutaja kwamba benki inaendelea kukopesha wachafuzi wakubwa. Bango lisilosema uongo hata mara moja lilihukumiwa kuwa linapotosha, kwa kuacha nusu ya habari.

Sisemi fursa hazipo. Hati fungani ya kwanza ya kijani, yaani ya kufadhili miradi ya mazingira, ilitolewa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya mwaka 2007, na tangu hapo soko limekua kuwa kubwa kweli; umeme wa jua na upepo unajengwa kwa fedha hizo na unafanya kazi. Pengo liko upande wa kujikinga. Mtambo wa jua unauza umeme, una mapato, unalipa mkopo. Mfereji wa kupitisha maji hauuzi kitu. Sakafu iliyonyanyuliwa haiongezi hata chupa moja ya uzalishaji. Faida yake ni hasara ambayo haitatokea, na jedwali la marejesho halina mstari wa jambo ambalo halitatokea.

Benki, hata hivyo, ndiyo mtu mmoja anayeweza kuuona mstari huo, kwa kuwa hasara ile ingekuwa pia ya kwake. Anayekopesha milioni tano kuinusuru dhamana ya milioni 50 anajilinda kabla ya kumsaidia yeyote. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika ukopeshaji ukuta huo hujengwa kwa fedha za benki.

Kuna njia rahisi kuliko hiyo, nayo inaniogopesha: benki kupata takwimu nzuri, kuziamini, kisha kukimbia. Kuchora mstari kwenye ramani na kutokopesha ng'ambo yake. Ripoti ya mwaka huo itaonyesha hatari imeshuka, na itakuwa imeshuka kweli kwa benki. Wakulima na wenye viwanda waliobaki ng'ambo watakuwa na maji yaleyale, bila mkopo wa kununua pampu. Ndiyo sababu nataka ripoti zitaje vyote viwili, waliokataliwa kwa ajili ya tabianchi na waliokopeshwa kwa ajili ya kujikinga nayo, kwa eneo na kwa sekta.

Kiwanda kile cha kando ya mto kilifurika kabla mkopo haujaisha. Benki ilimtendea mwenyewe kiungwana: ilimpa miezi sita bila marejesho, ikaurefusha muda, ikamwongezea kiasi cha kununulia mota mpya. Mwenye kiwanda alinionyesha karatasi nyingine aliyokuwa ameipeleka benki alipoomba nyongeza hiyo, makadirio ya fundi ya kumwaga jukwaa la zege la mita moja na nusu na kuipandisha mitambo juu yake. Jumla ilikuwa ndogo kuliko bei ya mota. Afisa wake aliisoma, akakubaliana naye kabisa, kisha akamrudishia, kwa sababu fomu ya nyongeza ilikuwa na sehemu mbili, mashine na mtaji wa kuendeshea, na zege haikuwa mojawapo. Mota mpya zilifungwa kwenye sakafu ileile, kwa boliti zilezile.